Nalipia Kulala Msituni, na Siombi Radhi

"Pesa ya kulala porini anayo, ya slabu ya mamake hana."

Aliyesema hayo ni shangazi yangu, Alhamisi iliyopita, hapa kwetu Majengo, Mombasa, mbele ya wanawake waliokuja kutusaidia kuchagua mchele wa harusi ya mpwa wangu. Wala hakunong'ona. Aliendelea kupepeta uteo wake, nami nimekaa hatua tatu kutoka alipo, simu mkononi. Kilichomfikisha huko ni mtoto wa dadangu aliyechungulia simu yangu akauliza kwa sauti: "Mama mdogo, hii nyumba haina maji ndani, na walipa?"

Ndiyo, nalipa. Neno la shangazi limenikaa kooni siku nne kama mwiba wa samaki, na leo nalitoa.

Mwaka wa tisa huu naishi Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Nauguza wazee, shifti ya usiku, saa tano naingia, saa moja asubuhi natoka. Nawageuza kitandani watu wazito kunizidi, nawaosha, nawabadilisha, nashika mkono wa anayekata roho wakati wanawe bado wako njiani. Mume wangu huendesha lori la mizigo. Kwa miaka hiyo nimelipa karo ya binamu wawili mpaka wakamaliza Form Four, nimelipa hospitali ya marehemu babangu, nyumba ya mama kule Mtwapa imefika linteli kwa mgongo huu huu, na mchele ule ule aliokuwa akiupepeta shangazi, magunia mawili ni yangu. Sijawahi kumsimanga mtu, na leo nisingehesabu lau yeye hakuanza kunihesabia.

Nyinyi mliopo hapa mkifikiria kuja huko, jueni jambo moja ambalo hakuna ajenti atakayewaambia. Kenya, sheria inakupa siku 21 za likizo kwa mwaka, na watu hulalamika ni chache. Marekani hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri kukupa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Utapata utakachopewa. Mimi nina siku kumi, nazo nimezimaliza kwa kuja harusini. Za mwaka ujao nimeshatenga tatu, Oktoba, za huo msitu.

Nitawaambia kwa nini. Mwaka juzi mwenzangu wa kazini, mama mmoja wa makamo, aliniona nimesinzia nimesimama kwenye korido, kichwa ukutani. Hakuniuliza kitu. Wiki iliyofuata akanipa funguo: alikuwa amekodi kijumba cha magogo msituni kwa siku mbili, mwanawe akaugua, pesa yake hairudi yote, basi niende mimi na wanangu. Tulikwenda hatuna hata tochi. Mvua ilinyesha juu ya paa, nikalala saa tisa mfululizo bila kugeuka. Nilipofumbua macho, kitinda mimba wangu amekaa pembeni ya kitanda ananiangalia. Alikuwa na miaka mitano. "Mama," akaniambia, "sijawahi kukuona umelala usiku."

Tangu hapo siachi. Na kupanga safari hiyo si kama kuamka na kusema twende Diani. Hifadhi za jimbo la Pennsylvania hufungua nafasi miezi 11 kabla ya siku unayotaka kufika, na Oktoba ndipo majani ya miti yanapogeuka rangi, kila mtu anautaka mwezi huo. Ukilala siku moja, umekosa. Ndiyo maana nilikuwa na simu mkononi katikati ya shughuli za harusi, bando linaisha, feni imesimama kwa sababu stima imepotea, na benki yangu ya kule imeifunga kadi kwa kuwa malipo yanatoka Mombasa. Mkisafiri, iarifuni benki kabla hamjapanda ndege. Mimi nilijua na bado nikasahau.

Pahali penyewe panaitwa Cook Forest, kaskazini-magharibi mwa jimbo, kando ya mto Clarion. Jimbo lilinunua msitu ule mwaka 1927 ili misonobari ya kale isikatwe. Mingine ina zaidi ya miaka 300. Waomani walipoingia Fort Jesus mwaka 1698, miti hiyo ilikuwa tayari imesimama. Ukisimama chini yake huoni ncha, na sauti yako yenyewe inakuwa ndogo. Kiingilio hakuna, mlalahoi na tajiri wanapita njia moja. Hapo huwa naumia, nasema kweli. Mamangu ana miaka 68, na hifadhi ya Shimba Hills iko hapo tu ukivuka feri na kupanda Kwale, lakini hajawahi kutia mguu ndani. Palahala, swala wa pembe ndefu, ambaye Kenya nzima haishi kwingine porini, mimi nimemjua kwa picha ya kitabu cha shule. Nani kwetu angetoa kiingilio cha watu sita na gari la kukodi ili akatazame miti? Pasipoti ya mama niliyomlipia ilitoka mwezi jana, iko bado kwenye bahasha juu ya kabati. Viza hatujaanza kuomba.

Kijumba ni cha magogo, ndani mna meko ya mawe ya kuotea moto, jiko, friji, meza na vitanda. Shuka, mablanketi, mito, sufuria, sahani, vyote uje navyo. Maji yako nje, na choo ni kutembea na tochi. Hifadhi nyingine zina vijumba vya kisasa vyenye bafu ndani, ila bei yake ni nyingine. Hiki changu kwa usiku mmoja hakikaribii hata chumba cha hoteli ya ufuoni hapa mwezi wa Desemba. Shangazi angeuliza bei kabla ya kusema, angejua.

Kisha kuna miko. Kuni unasihiwa usibebe kutoka nyumbani, ununue karibu na msitu, kwa sababu ndani ya kuni kuna wadudu wanaosafiri. Yuko mmoja wa kijani aliyetoka Asia, akagunduliwa Michigan mwaka 2002, na mpaka leo ameshaua miti kwa mamilioni. Nyanya yetu mzaa mama, Mdigo, angelielewa hilo mara moja. Kule Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, hutoki hata na kijiti, na huingii bila kujifunga kitambaa cheusi. Watu husema Wazungu wanapenda sheria. Misitu yetu ilikuwa na sheria kabla ya ofisi yoyote kufunguliwa.

Chakula usikiache nje wala harufu yake. Dubu weusi wapo, na pua ya dubu si ya kuchezea. Mwaka jana nilipika samaki wa kupaka, mbuzi ya nazi nimeibeba toka Pittsburgh, halafu nikahangaika usiku kuosha sufuria na kupeleka taka kwenye mapipa yao yenye vifuniko vizito. Ukitoka kutembea, wakague watoto nyuma ya masikio na kwapani, kupe wa kule wana ugonjwa mbaya. Beba nguo nzito, Oktoba usiku baridi inakaribia barafu. Na simu mara nyingi haishiki. Mwambie mamako mapema kwamba kwa siku mbili hutapatikana, usimwache akae na presha.

Sikumjibu shangazi. Ni dada mkubwa wa babangu, alinibeba mgongoni. Lakini usiku ule mama aliingia chumbani, akakaa kitandani kwangu bila kusema kitu, mimi namalizia kujaza fomu ya kukodi kijumba kwa vile benki ilikuwa imeifungua kadi. Nikamwambia habari ya waliovijenga vijumba vile.

Ilikuwa miaka ya 1930, kazi zimekufa Marekani nzima. Mwaka 1933 serikali ikawakusanya vijana wasio na kazi, ikawapeleka misituni kwenye makambi kupanda miti, kuchonga njia, kujenga vijumba. Mradi ule ulidumu mpaka 1942. Wengine hawakuwa na hata viatu vizuri walipofika. Walilipwa dola 30 kwa mwezi, na katika hizo, kama 25 hazikupita mikononi mwao, zilikwenda moja kwa moja kwa wazazi wao. Nimezipapasa alama za shoka kwenye yale magogo, mama. Watoto wa watu, wako mbali na kwao, kila mwezi wanatuma.

Mama alinyamaza kidogo.

"Na zile tano?"

"Zile zilikuwa zao, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akanyanyuka, akafungua sanduku lake, akatoa doti mbili za leso mpya, mikunjo ya dukani bado iko, akaziweka juu ya begi langu. "Za kujitanda huko kwenye baridi," akasema. Halafu akasimama mlangoni.

"Hicho kijumba kina vitanda vingapi?"

"Sita."

"Na nyinyi mko watano."

"Watano."

Alirudi ukumbini kwa wenzake. Fomu ilikuwa bado inaniuliza idadi ya watu. Nikaandika sita.