Siku niliyowaachia kwelea kwelea mpunga wa babu

Mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño, mbuga ya Bahi, kule Dodoma, ilijaa maji hata njia ya kwenda stesheni tukawa tunaipita viatu mkononi. Nilikuwa na miaka 11, nimepelekwa kwa babu likizo ya Juni, na kazi yangu ilikuwa moja tu: kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga.

Dungu lilikuwa la miti minne na paa la nyasi. Juu yake nilikuwa na debe la kupiga, kombeo na rundo la madongo. Kwelea kwelea mmoja hula kama gramu 10 tu za nafaka kwa siku, lakini kwelea kwelea haji mmoja. Mpunga ukiwa bado na punje laini zenye maji meupe kama maziwa, kundi likitua, unabaki na pumba. Babu alinieleza hivyo mara tatu, ya mwisho akiwa amenishika sikio.

Siku ya nne au ya tano, kwenye saa kumi alasiri, akatua ndege kwenye dimbwi lililo pembeni ya mfereji. Kwetu kila ndege mwenye miguu mirefu aliitwa korongo, na makorongo nilishawaona: wale weupe wanaofuata ng'ombe wakiokota panzi, na yule mkubwa wa kijivu anayesimama majini kama mti mkavu mpaka samaki ajisahau. Huyu alikuwa mweusi tii, mdogo kuliko yule wa kijivu, na vidole vya manjano kana kwamba amekanyaga kiini cha yai.

Hakusimama kusubiri. Alipiga hatua mbili tatu za haraka, kisha ghafla akazungusha mabawa yote mawili mbele, ncha zikakutana na kugusa maji, kichwa kikazama ndani. Ndege hayupo! Pamebaki mwavuli mweusi umeketi juu ya dimbwi. Sikumaliza hata kuhesabu tatu, akafunguka, akameza kitu, akasogea, akajifunika tena.

Nikashuka dunguni. Najua, najua. Nikatambaa nyuma ya tuta, tumbo kwenye tope, mpaka nikawa karibu naye kiasi cha kuona vidole vile vya manjano vikitikisatikisa matope chini ya mwavuli, na visamaki vidogo kama kucha vikichomoka. Mdomo ulikuwa unawangoja humo humo kivulini.

Alipohamia upande wa pili nilivua shati, nikajifunika kichwa, nikainama juu ya maji. Bila shati nilikuwa naona mbingu na uso wangu. Ndani ya shati mng'ao ulikatika, nikaona majani yaliyooza, viluwiluwi, na kikambale kimoja kinanitazama. Wataalamu wengine husema samaki hukimbilia kile kivuli wakidhani ni maficho, wengine kwamba ndege huondoa mng'ao wa jua. Huenda ni yote mawili, lakini mimi niko upande wa mng'ao. Nimejaribu mwenyewe.

Nilisikia kitu kama mvua ikianza. Haikuwa mvua. Nilipotoa kichwa kwenye shati, jaruba la babu lilikuwa limegeuka rangi ya udongo na linatembea.

Babu hakunipiga. Alipita kwenye tuta, akawa anachuma suke, analiminya kwa vidole, linatoa ganda tupu, analitupa, anachuma jingine.

"Ulikuwa wapi, bwana mdogo?"

Nikamweleza ndege mwenye mwavuli. Alinitazama kwa muda mrefu. Jioni bibi alinisukumia bakuli la mlenda, akamwambia babu, "Muache mume wangu ale. Kesho atalinda."

Jina la ndege yule nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima: kulastara mweusi. Wala si korongo, maana korongo akiruka hunyoosha shingo mbele, na kulastara huikunja kama herufi S. Babu alifariki akimwita korongo, na sikuona sababu ya kumsahihisha.

Kesho yake babu alifuatana nami shambani, shuka lake amelifunga lubega. Nilipanda dunguni bila kuambiwa. Ndege mweusi hakuja mapema. Babu alizunguka jaruba, akapiga mluzi, akafika pale kwenye dimbwi. Akaangalia huku na huku kama mtu anayetaka kuiba. Kisha akalifungua shuka, akajifunika gubigubi, akainama.

Alikaa hivyo muda. Kundi likatokea upande wa reli, nami nikalitandika debe kwa nguvu zangu zote.

"Taratibu na hilo debe!" sauti ikatoka ndani ya shuka. "Unanikimbizia samaki!"