Sifa ziende kwa anayeuliza

Wiki hii nimerudia vipindi vya zamani vya Comedy Bang! Bang!, na kila nikimaliza kimoja msimamo wangu unazidi kuwa mgumu: kwenye vichekesho vya papo kwa papo, sifa tunazipeleka kusiko. Tunamsifu mwenye sauti ya ajabu, yule aliyeingia akijiita mchawi au mtunzi mkubwa wa muziki wa majukwaani. Aliyekaa mbele yake akiuliza "ehe, kisha ikawaje?" hatumtaji kabisa.

Kwa asiyekijua, kipindi hiki mchekeshaji Scott Aukerman alikianzisha mwaka 2009 kwenye redio moja ya Los Angeles, wakati huo kikiitwa Comedy Death-Ray Radio. Mwaka uliofuata akashiriki kuunda Earwolf, kampuni ya podikasti, yaani vipindi vya kusikiliza mtandaoni, na jina la sasa likaja 2011. Mtindo wake ni huu: anaanza na mgeni wa kweli, mwigizaji au mwanamuziki anayejulikana, wanaongea kama mahojiano yoyote ya redioni. Halafu mlango unafunguliwa na anaingia mtu ambaye hayupo duniani. Hakuna maandishi. Mgeni wa kweli inabidi aongee na huyo wa kubuni kana kwamba wote ni binadamu wa kawaida.

Nimsikilizapo mchekeshaji Andy Daly, mmoja wa wanaoingia kama watu wa kubuni, ndipo ninapoona vizuri ninachokisema. Wahusika wake karibu wote huingia wakiwa wachangamfu na wenye adabu zao. Dalton Wilcox, mshairi wa wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, anaanza na beti za farasi na tandiko. Baadaye kidogo anadokeza, bila kubadilisha sauti, kwamba huko nyikani kuna wanyonya damu na yeye huwamaliza. Aukerman hamrukii wala hajaribu kuchekesha kumzidi. Anamrudisha kwenye neno alilolipitia haraka: ulijuaje kwamba ni mnyonya damu? Daly anajibu kwa upole uleule, anaulizwa tena, anajibu tena, na taratibu unagundua kwamba mbele ya kipaza sauti ameketi muuaji asiyejijua kuwa ni muuaji. Bila yale maswali, Dalton Wilcox angesoma mashairi yake akaondoka, na sisi tusingejua lolote.

Hata ule mchezo wao wa Would You Rather umejengwa juu ya kuuliza. Aukerman anasoma mambo mawili ya ajabu yaliyotumwa na wasikilizaji, uchague moja. Lakini huchagui kwanza. Anatangaza kwamba uwanja wa maswali umefunguliwa, na wageni wanadadisi kila kipengele: hicho kitu kina ukubwa gani, kinauma, ndugu zangu watakiona? Anajibu kwa uzito wa hakimu, anafunga uwanja, kisha anagawa pointi kwa vigezo anavyovijua mwenyewe. Utamu wote uko kwenye yale maswali. Uchaguzi wenyewe hakuna anayeukumbuka.

Sasa mwigizaji wa vichekesho Lauren Lapkus. Kwangu mimi huyu ndiye bora kuliko wote, na nasema hivyo nikijua watu watanipinga. Mwaka 2014 alianzisha podikasti yake, With Special Guest Lauren Lapkus, akaigeuza kichwa chini miguu juu: mwenye kipindi ndiye mgeni. Kila mara mwigizaji mwingine anakuja na kipindi cha kubuni, mada yake, jina lake, na Lapkus anajua yeye ni nani pale pale hewani. Akiambiwa ni mtaalamu wa jambo fulani, basi ni mtaalamu. Hasiti. Anapokea na kuongeza kitu kidogo chake, na hicho kidogo ndicho mwenzake atakachokishika. Msikilizeni anavyonyamaza kabla ya kujibu, ule ukimya mfupi sana. Pale anasikiliza kwa mwili mzima.

Sanaa hii ina ukoo wake. Viola Spolin alibuni michezo ya kuigiza akifanya kazi na watoto wa Chicago, mwanawe Paul Sills akawa miongoni mwa walioanzisha ukumbi wa vichekesho wa The Second City mwaka 1959, na mjini humo humo mwalimu Del Close akafundisha kizazi kilichokuja kufungua ukumbi wa Upright Citizens Brigade, New York, mwaka 1999. Sheria yao kuu ni kukubali alichosema mwenzako kisha uongeze. Watu wengi huishika hiyo "ongeza" na kusahau kwamba huwezi kukubali usichokisikia.

(Wala tusijifanye ni jambo geni kwetu. Mtani anayefika msibani amevaa nguo za marehemu, akatembea kama yeye na kudai madeni yake, hana maandishi mkononi. Anaangalia nani amecheka, nani amekunja uso, ndipo anajua aendelee wapi. Na wafiwa nao wanampokea, vinginevyo hakuna utani.)

Ndiyo maana vile vipindi vya sikukuu na maadhimisho vya Comedy Bang! Bang!, vinavyojaza wahusika chumba kizima, huwa sivimalizi kwa furaha. Kila mmoja ana sauti, kila mmoja ana kisa, na hakuna aliyebaki wa kuuliza. Paul F. Tompkins peke yake ndiye huwa ananiokoa humo. Alikulia kwenye uchekeshaji wa kusimama jukwaani peke yake, lakini sijasikia mwingine anayewapa wenzake nafasi kwa ukarimu kama yeye. Podikasti ya Hello from the Magic Tavern nayo, iliyoanza 2015, inaipenda kazi hii kwa namna nyingine: mwendeshaji wake, Arnie Niekamp, ameangukia nchi ya kubuni iitwayo Foon, na lolote mgeni atakalolitamka juu ya nchi hiyo linakuwa kweli daima. Arnie analikumbuka, na vipindi kadhaa baadaye analiulizia.

Mdogo wangu aliniona nacheka peke yangu tukichambua mchele akasema, "Dada, si watu wanaropoka tu hao?" Nikampa spika moja ya sikioni. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza kwa nini yule mwanamke, Lapkus, hakukataa alipopachikwa mambo yasiyo yake. Nimemtumia vipindi viwili vya Lapkus. Daly nitampa baadaye, maana kwanza nataka amzoee anayepokea.