Ithibati kwanza, ada baadaye

Kaka yangu yuko tayari kuuza mpunga wote alionao Ifakara ili binti yake akasome famasia, nami nimemwomba asiuze hata gunia moja kwanza. Chuo kilichomwita binti kimetuma fomu yenye kila kitu: ada shilingi 1,450,000 kwa mwaka, hosteli, sare, koti jeupe, mpaka rimu za karatasi. Penye ithibati, yaani idhini ya kufundisha kozi hiyo, wameandika "taratibu zinaendelea".

Mimi ni muuguzi. Cheti nilipewa na chuo, lakini ruhusa ya kumhudumia mgonjwa nilipewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kwa binti yetu litakuwa Baraza la Famasi, na baraza halimsajili mtu aliyesoma kozi isiyotambuliwa, hata awe hodari namna gani. Akitaka kuendelea na shahada, ataombwa namba ya uhakiki ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati kama hivi, ile namba tunayoiita AVN. Ataitoa wapi?

Na jina la chuo kuwemo kwenye orodha ya vyuo vilivyosajiliwa halitoshi. Chuo kinaweza kufundisha uuguzi kihalali kabisa, famasia ikawa hakijaruhusiwa. Mwongozo wa udahili wa NACTVET unaonyesha kila chuo na kozi zake, kwa hiyo tafuteni kozi yenyewe.

Kuna dada mmoja alikuja wodini kwetu kuomba kujitolea. Amesoma miaka miwili, cheti kimepigwa lamineshi. Matroni akamwomba leseni, akatoa cheti. Akaombwa tena, akatoa risiti za ada, zote, zimepangwa kwa tarehe ndani ya bahasha ya kaki. Wazazi wake walikuwa wameuza kiwanja. Niliumia sana, maana kosa halikuwa lake, na hela hiyo hairudi.

Tena tusihesabu hasara ya familia peke yake. Dawa mseto ya malaria, ile ya ALu, mtoto wa kilo 10 anapewa kidonge kimoja kila anapomeza, wa kilo 20 anapewa viwili. Jambo hilo mwanafunzi hulizoea akiwa kwenye dirisha la dawa hospitalini, amesimamiwa na mtu anayejua. Chuo kisicho na makubaliano na hospitali yoyote kitampeleka wapi kwa mafunzo ya vitendo? Nimemwambia kaka awaulize hilo, wajibu kwa maandishi, wataje na hospitali. Aombe pia kuonana na mhitimu wao mwenye leseni.

Kaka ameelewa. Binti amenuna kidogo, ananiambia, "Shangazi, wenzangu wanne wameshalipa." Sina namba zao. Kama mmoja wenu anasoma hapa, mwanangu, usilipe awamu ya pili kabla hujaiona kozi yako kwenye mwongozo.