Siku moja ya mtengeneza gemu, Magomeni

Saa 11 alfajiri
Saa hizi, kabla bati halijapata moto, nazitengea kazi inayotaka akili nzima. Natengeneza gemu ndogo za simu peke yangu: michoro, kodi (maandishi ya programu), sauti. Iliyoko mezani sasa ni bao la kiswahili lenyewe, mashimo 32 na kete 64, namua (hatua ya kuingiza kete ubaoni moja moja) na mtaji (kete zote zikishaingia), bila kupunguza kanuni hata moja. Natumia Godot, injini ya bure, yaani programu ya kutengenezea gemu, ambayo kodi yake imekuwa wazi kwa kila mtu tangu 2014.

Kazi ya leo ni mwendo wa kete. Simu inaweza kumaliza mzunguko mzima kufumba na kufumbua, lakini ikifanya hivyo mchezaji anaona tu ubao umebadilika, hajui kaliwa wapi. Barazani hakuna anayeuliza, maana mkono unaonekana: unachota, unadondosha moja moja, unakula, unarudi kichwani, shimo la mwisho wa safu ya mbele. Kwa hiyo kete ya kwanza naipa karibu robo sekunde, zinazofuata zinachanganya mwendo, ya mwisho inatua taratibu. Ikila, naacha kimya kidogo kabla kete hazijaanza tena kutembea. Hicho kimya nakirekebisha asubuhi nzima bila kuchoka. Gemu kubwa zina hadithi na mandhari za kumshika mtu. Gemu ndogo ina vitu kama hivi tu, na visipokaa sawa hakuna pa kujificha.

Saa 3 asubuhi
Chai na chapati, kisha vidole. Ubao wa bao una mashimo manane kwa safu. Kioo cha simu ya kawaida ikishikwa wima kina upana wa kama milimita 65 hadi 70, kwa hiyo kila shimo linapata milimita nane na kitu tu, na mwongozo wa Android unapendekeza kitu cha kugusa kiwe na kama tisa. Ningeweza kuilaza simu, nafasi ikawa tele. Ila abiria wa daladala mkono mmoja umeshika bomba, simu anaishika wima. Nataka huyo acheze.

Jibu limetoka ndani ya bao lenyewe. Kwenye namua kete huingizwa safu ya mbele tu, basi eneo lote la safu ya nyuma nimelikabidhi kwa mashimo ya mbele yake. Kidole kikiteleza chini bado kimelenga. Upande wa kichwa cha kuanzia unachaguliwa kwa kuburuta kidole kushoto au kulia. Mtaji ni mgumu zaidi, kwa sababu huko safu zote mbili zinachezwa. Hapo shimo lililoguswa linakua kwanza, ukiachia ndipo linachezwa.

Saa 7 mchana
Wali maharage kwa mama lishe. Halafu kazi ya mteja, programu ya stoo ya duka la vipuri, mpaka saa 10. Hiyo ndiyo inayolipa kodi ya chumba, na naifanya kwa moyo.

Saa 10 na nusu jioni
Barazani. Nawaamkia wazee, namkabidhi mmoja simu ya uwezo mdogo, RAM ya GB 2, kisha nakaa kimya. Nikitoa maelezo, hata neno moja, jaribio limeharibika, kwa sababu sitakuwepo pembeni ya kila atakayeipakua. Natazama kidole, sitazami uso. Mtu anaweza kukusifia kwa adabu, kidole hakina adabu.

Mzee anacheza, anakula, anacheka. "Mwanangu, huyu wa kwenye simu mbona hafikirii? Anajibu kama anawahi basi." Naandika hilo.

Kisha kijana ambaye hajawahi kucheza bao. Anagusa shimo la mpinzani, lile analotaka kulila. Anagusa tena, kwa nguvu zaidi. Kwa mjuzi ni kosa, lakini nia yake iko wazi kabisa. Kwenye namua, kuanza zamu kwa kula shimo fulani maana yake ni kuingiza kete kwenye shimo lako linalotazamana nalo, hakuna njia nyingine. Basi mguso wake una maana moja tu, na gemu inapaswa kuukubali. Nimekaa palepale kwenye benchi nikaibadilisha kodi. Kurasa za maelekezo nilizokuwa nimepanga nazifuta. Huyu kijana hatazihitaji.

Saa 2 usiku
Umeme upo, feni inazunguka. Naanza na neno la mzee: simu inapata jibu mapema, ila sasa inasubiri kidogo kabla ya kucheza, na inasubiri zaidi pale penye njia nyingi za kula. Halafu ngazi za ugumu. Mpinzani dhaifu simfanyi achague ovyo, maana mchezaji hujua anapoachiwa na hukasirika. Nampunguzia tu hatua anazoona mbele: rahisi anaona moja, mgumu anaona kadhaa.

Saa 5 usiku
Naiacha kompyuta icheze yenyewe kwa yenyewe usiku kucha na kuandika kila matokeo. Kesho alfajiri nitafungua faili nione kama anayeanza anashinda kupita kiasi. Ikiwa hivyo, mchezaji mgeni ndiye atakayeanzishwa.