Unene wa herufi unaopotea kwenye PDF
Ukiona vichwa ulivyoviandika kwa unene wa 600 vimetoka vyembamba kwenye PDF, ilhali kwenye skrini vilikuwa sawasawa, chunguza kwanza kama fonti yako ni ya aina inayobadilika, yaani faili moja linalobeba unene wote, kama Inter kuanzia 100 hadi 900. Fonti hizi ziliingia katika OpenType, muundo wa kawaida wa mafaili ya fonti, mwaka 2016, lakini PDF yenyewe haizipokei zilivyo, hivyo programu hulazimika kutoa kila unene na kuupachika peke yake. Ikishindwa, huweka 400 tu, yaani unene wa kawaida, au hunenepesha herufi kwa kuzichorea ukingo, na tundu la «e» huzibika vibaya mno. Mimi huiondoa fonti hiyo, husakinisha mafaili tofauti ya kila unene, kisha hukagua orodha ya fonti katika sifa za PDF hadi nilione jina Inter-SemiBold, yaani Inter ya unene wa 600.