Nilivyofanya kompyuta iwake na SSD yenyewe bila kubonyeza F12 kila siku

Kompyuta yangu ya mezani ina diski mbili, ile ya zamani ya GB 500 na SSD (diski ya kasi isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 240 niliyoongeza baadaye. Nilikopi Windows nzima kutoka kwa ya zamani nikaiweka kwenye SSD nikajua nimemaliza kazi, kumbe kila nikiwasha inaenda kule kule kwa zamani mpaka niwahi F12 nichague SSD kwa mkono. Na kwa vile Windows zote mbili zinafanana mpaka picha ya nyuma, nikisahau kubonyeza hata sijui niko wapi.

Nilijua siku nimewasha asubuhi nikakuta faili nililoandika usiku kucha halipo. Aisee moyo ulinienda mbio, nimepekua kila folda hakuna kitu, mpaka nikafungua Disk Management, sehemu ya Windows inayoonyesha diski zote, nikaona C (ile yenye Windows iliyowaka) imekaa kwenye diski inayosoma GB 465. Diski ya GB 500 Windows ndo huisoma hivyo, ya GB 240 inasoma 223. Basi faili liko salama ila mimi niko kwenye diski nyingine!

Nikaristati, nikabonyeza Delete nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, inayofanya kazi kabla Windows haijawaka), kwenye menyu ya Boot nikakuta USB, DVD, halafu diski moja tu, ile ya zamani. SSD haipo kabisa. Hapa ndo watu wengi wanakwama, maana ile orodha inaonyesha diski moja tu, mpangilio wa diski zenyewe kwa zenyewe uko mstari wa chini, kwangu umeandikwa Hard Drive BBS Priorities. Nikaingia humo, zote mbili zipo, nikapandisha SSD juu, nikarudi nikaiweka namba 1, F10 ya kusevu, yes. Ikawaka na SSD yenyewe, nikafurahi sana.

Baada ya siku mbili ikarudi kwa zamani. Nikaseti tena, ikarudi tena, yaani nilichoka. Kilichonifumbua macho ni saa, siku inagoma ilikuwa inasoma Januari 2009 na tovuti zinakataa kufunguka. Nikakumbuka siku hizo zote usiku wake nilikuwa nimezima swichi ya ukutani, kumbe umeme ukikatika kabisa BIOS inategemea kile kibetri cha mviringo kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) kukumbuka saa na mpangilio. Nikakipima kwa mita, volti 2.1 wakati kipya ni 3. Nikachomoa waya wa umeme, nikakitoa, nikaweka CR2032 mpya upande wa alama ya kujumlisha ukiangalia juu, nikaseti saa na diski upya. Ukiwa humo angalia na SATA mode (namna kompyuta inavyowasiliana na diski) ibaki ilivyokuwa, ikibadilika kutoka AHCI kwenda IDE Windows inaweza kugoma kuwaka na kukuletea skrini ya bluu.

Kwenye mashine mpya za UEFI (mfumo uliochukua nafasi ya BIOS ya zamani) mara nyingi utaona Windows Boot Manager pamoja na jina la diski, zikiwa mbili soma hilo jina vizuri kabla hujaipandisha.

Ya zamani sikuifomati haraka. Kwanza nilichomoa waya wake kabisa nikawasha, Windows ikaja bila shida, na faili langu lipo pale pale.