Umerudi 1909, umepata nini?

Neno hilo mdogo wangu kalisema Jumapili usiku, ming'oko mdomoni, na mpaka leo halijanitoka. Hakulisema kwa ubaya, mnamjua kitinda mimba wetu. Wiki hii mkuu wetu wa shule kahamishwa, na harusi ya binti wa mama mdogo imepita salama kule Mingoyo, ila mimi nikishika chaki nasikia lile lile: umepata nini?

Tulikuwa tunatazama katuni ya Kijapani ya mwaka 2022, aliyokuja nayo kutoka chuo. Wanafunzi wa chuo kikuu, mji wa Kyoto, mwezi wa Agosti, joto la kumtoa mtu roho. Nyumba nzima wanayopanga ina chumba kimoja tu chenye kiyoyozi, na rimoti yake imemwagikiwa soda, imekufa. Mara kinatokea chombo cha kusafiria nyakati. Karne zote ziko mbele yao, wachague wapendayo, nao wanaamua kurudi jana wakaichukue rimoti kabla haijamwagikiwa. Jana! Halafu ndipo wanashtuka: wakiichukua ya jana, leo haitaharibika, na isipoharibika, nani atakwenda jana kuichukua? Hapo mbio zinaanza, kila kitu kirudi kilipokuwa, maana wanaogopa ulimwengu wote usije ukafutika. Nimecheka mpaka machozi. Mama alikuwa anatafsiriwa kidogo kidogo, akauliza kwani nyumba hiyo haina madirisha. Kwetu Agosti ni kusi, mtu anajitanda kanga ya pili, joto gani la Agosti hilo?

Ilipokwisha nikasema, na nilisema kwa moyo wote: "Mimi ningepewa chombo kile, jana ningewaachia wenyewe. Ningekwenda Tendaguru, kwenye kilima cha mifupa ya dinosaria, 1909."

"Tena, dada?"

"Tena."

"Tendaguru wewe unakwenda kila siku. Hawa wamerudi jana, wamepata rimoti. Wewe umerudi 1909, umepata nini?"

Mama akasema tule, chai inapoa. Nikala.

Tangu hapo namjibu kichwani, jikoni, njiani, hata wanafunzi wakiwa wananakili notisi. Namwambia kati ya 1909 na 1913 watu wa huku walifukua mifupa ya dinosaria kwenye kilima kile, wakaibeba kichwani na mabegani siku kadhaa za mguu mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200. Namwambia Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha juzi tu, 1907, na njaa ilikuwa imeua watu wengi kusini. Namwambia yule dinosaria mkubwa kuliko wote amesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, Ujerumani, tangu 1937, kimo zaidi ya mita 13, na watoto ninaowafundisha wanamjua kwa picha. Namtajia Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye wataalamu walimpa dinosaria jina lake mwaka 2007, Australodocus bohetii. Majibu mazuri yote, na bado mdogo wangu anatafuna ming'oko, ananiangalia. Maana hayo yote nimeyapata vitabuni, nimekaa kitini. Sikuhitaji chombo chochote. Hapo ndipo neno lake linaponichoma.

Jana jioni nimepita sokoni. Vijana walikuwa wanashusha magunia kwenye fuso, mmoja anaanzisha maneno, wenzake wanaitikia. Kuna mmoja alikuwa analalamikia mgongo, wakamgeuzia utani, akacheka hadi akalitua gunia chini. Nimesimama pale na kapu langu, nikajisikia kama mtu aliyeokota hela njiani. Hilo ndilo ningelifuata! Wale wapagazi walikuwa wanasemaje njiani? Ukiwa na mfupa wa paja la mnyama usiyewahi kumwona, jua la saa nane, nani alianza kulalamika, na nani alimtania? Jioni wakitua mizigo, walimwita nani mnyama huyo wao kwa wao, na wazee waliwaambia nini kumhusu? Katika vitabu vyote nilivyosoma sijakutana na maneno hayo. Tani zimeandikwa, mazungumzo hayakuandikwa. Na mimi hata dinosaria mwenyewe simhitaji, ningetembea nyuma ya msafara siku nzima, nisikilize tu.

Nikamwandikia palepale, kabla ya kununua nyanya: "Ningekwenda kusikiliza walichokuwa wanasema njiani." Yeye na Mama walishapanda gari kurudi Nyangao tangu Jumatatu. Kajibu upesi:

"Sawa dada. Hiyo safari nakuruhusu. Lakini ukifika usiguse kitu!"

Nimeusoma ujumbe huo nikiwa kitandani, nimeusoma asubuhi, na kila nikiusoma nacheka peke yangu.

Chini yake kaongeza kwamba mikorosho ya upande wa bondeni maua yameanza kuwa na unga mweupe. Ubwiriunga huo, ugonjwa wa mikorosho, tena umechelewa kuonekana. Dawa yake, salfa ya Mama, imebaki nusu mfuko, na yule kijana wa kupulizia aliahidi kuja Jumamosi iliyopita, hakuja, na simu hapokei. Maua yakikauka hakuna korosho, na ada ya chuo ya mdogo wangu inatoka kwenye korosho hizo hizo. Kesho nitajaribu kumpigia kwa namba ya jirani, kabla ya kipindi cha kwanza.